Msimu wa Salfa

Daktari wa Ndanda alisema: hiki si kifua kikuu,
kile ulishakimaliza mwaka ule wa mafuriko.
Huyu ni binamu yake. Anakaa udongoni, anakaa majini,
ameliona pafu lako lina makovu, akahamia.
Nikacheka, nikakohoa, nikacheka tena.
Binamu gani huyu asiye na adabu,
kaja kuishi kwetu hata kuku hakuleta.

Dawa za kikuu zilikuwa za bure.
Za binamu zinanunuliwa.

Ziko tatu. Moja inaugeuza mkojo rangi ya soda ya chungwa.
Moja haikai tumboni bila ugali wa muhogo, na hata na ugali
hunigombanisha na harufu ya samaki mpaka adhuhuri.
Ya tatu, walinionya, huiba macho kidogo kidogo,
kwa hiyo kila Ijumaa nasimama mbele ya kalenda ya chama cha msingi,
nafumba jicho la kushoto, nafumba la kulia,
naitafuta sikukuu iliyoandikwa kwa wino mwekundu.
Nyekundu bado ni nyekundu.
Alhamdulillahi, naenda kuosha vyombo.

Wifi yangu Somoe ana kikombe changu, kakifunga uzi sikioni.
Nimemweleza mara ngapi kwamba huyu haambukizi?
Anaitikia, ananimiminia chai,
kwenye kile cha uzi.

Mashine ya mvuke ni ndogo kama redio.
Kidomo chake nakichemsha dakika kumi kwa saa ya simu,
kwa maji ya kisima cha paa, yale ya masika,
na hapa Tandahimba maji yakiisha, yameisha.
Umeme ukikatika katikati ya dawa
nabaki nimeipakata kama mtoto aliyesinzia,
naogopa hata kujigeuza.

Halafu Juni ikaingia, mikorosho ikaanza kuchanua.

Mwanangu Mfaume huondoka saa kumi za usiku, pampu mgongoni,
maana salfa hushika vizuri majani yakiwa na umande.
Mimi nimeshaziba dirisha kwa kanga mbichi,
na bado naisikia ikipita juu ya paa,
harufu ya kiberiti kilichowashwa na mtu asiyeonekana.
Saa tatu anarudi amekuwa wa manjano kope mpaka kucha,
kama bwana harusi aliyesahauliwa jua likamkausha.
Haingii. Anavua nguo nyuma ya jiko,
anaoga ndoo ya kwanza kwa ajili yake,
ya pili kwa ajili yangu.

Ndipo nalala, mito miwili chini ya kiuno, kichwa kikining'inia kitandani,
naye anakunja viganja kama mtu anayechota maji,
alivyofundishwa na muuguzi: usipige kofi, bisha.
Anabisha. Mbavu za chini, za kati, chini ya kwapa.
Hodi, anasema. Hodi, wee binamu, toka, umeshiba.
Nacheka kichwa chini na hicho kicheko ndicho kinachokitoa.
Nakitemea koponi, tunachungulia wote wawili
kama watu wanaosoma barua ya madai.
Kijani jana. Leo kimepauka.
Anafunika kopo, ananipangusa mdomo.

Nilimwambia: baba, iache hiyo kazi.
Akaziokota dawa mezani, akazitingisha kichupani.
"Mama, hizi zimo ndani ya salfa."
Sikuwa na jibu. Bado sina.

Jana usiku niliamka, kifua chepesi,
chepesi kuliko siku zote tangu Ramadhani,
nikalala chali kufaidi,
hewa ikiingia na kutoka bila kuniomba ruhusa.
Ng'ambo ya ukuta, mtu akakohoa.
Kikohozi kidogo, kikavu, kilichofunikwa na shuka.
Nikaziba pumzi zangu, zile za gharama,
nisikie vizuri.
Mara moja.
Mara ya pili.